Ghala la Saruji, Sehemu ya Saba: Marobota ya Chini

Wiki iliyopita mhariri alinikatia hadithi mkono wa Mzee Othmani ukiwa ndani ya robota nambari 412, umezama mpaka kwenye kiwiko. Tangu hapo nimepokea barua kumi na moja. Msomaji mmoja wa Mbeya anasema humo ndani mna nyoka. Mwingine wa Mlandege, hapahapa Iringa, anaapa kwamba meneja ameficha fedha. Jamani, ni robota la tumbaku. Mna tumbaku.

Othmani akautoa mkono wake polepole, akaunusa, akaufuta kwenye koti.

"Vipi?" aliuliza Bwana Crispin.

"Lina joto," alisema Othmani.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita nisimwache nyuma. Huyu Bwana Crispin ni Mgoa, mkaguzi wa hesabu aliyeletwa Iringa kutoka Dar es Salaam na wakubwa wa Kampuni ya Tumbaku ya Nyanda. Othmani Selemani ni mtunza ghala wa kampuni hiyo. Amefanya kazi miaka ishirini na miwili, amebakiza miezi mitatu apewe kiinua mgongo chake aende zake. Mwaka ni 1957, mwezi wa nane, baridi ya Iringa imekaza, na kila mtu ghalani amechoka, mimi mwandishi nikiwemo.

Tumbaku iliyokauka vizuri, robota lake huwa baridi tumboni. Ukitia mkono ukakuta joto, basi limeingiwa na maji na majani yameanza kuoza kutoka ndani. Nje hutaona kitu. Ndiyo maana mtunza ghala mzuri hupimwa kwa mkono wake.

"Fungueni mengine," alisema Bwana Crispin.

Wakafungua. Robota 413 lina joto. 420 lina joto. 431, wakalipasua, likatoa harufu ya viatu vilivyolala mvuani. Lakini 800 ni baridi, 812 ni baridi, 905 ni kavu kabisa.

Bwana Crispin alivua miwani akajikanda macho. "Mzee Othmani, unajua kwa nini nimetumwa hapa?"

"Kuhesabu, bwana."

"Kampuni imetumia pauni elfu arobaini Iringa. Ghala hili jipya, saruji yake, bati lake, na mashine ya kukaushia ambayo mpaka leo haijafika. Wakurugenzi wa London wanataka kutoa elfu sitini nyingine wajenge kiwanda Mbeya. Kwenye taarifa ya mwaka wamechapisha faida kubwa, na faida yenyewe ni haya marobota. Mimi natakiwa niseme kama zile elfu arobaini zimezaa kitu."

"Zimezaa joto," alisema Othmani.

Hapo ndipo meneja alipoingia. Mzungu huyu watu walimwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimwomba chochote jibu lake ni hilo. Kiswahili alikijua vizuri, alikaa Mbeya miaka saba, na Mbeya ndiko alikotaka kurudi akiwa mkubwa wa kiwanda kipya. Kiwanja kilikuwa kimeshafyekwa.

"Nambari hizo zenye joto," alisema Bwana Kesho, "angalieni daftarini zimetoka wapi."

Bwana Crispin akafungua daftari la mapokezi. Akapitisha kidole. Akageuza ukurasa, akapitisha tena.

"Zote ni za Ifunda," alisema.

"Basi mmepata jibu. Wakulima wa Ifunda wamenyunyizia majani maji ili yawe mazito mzanini. Hasara ni yao. Malipo yao ya pili tunayafuta, hesabu ya kampuni inabaki vilevile."

Mlangoni kulikuwa na mtu amesimama tangu asubuhi, kofia mkononi. Huyo ni Filemoni, mzaliwa wa Igowole aliyehamia Ifunda kulima tumbaku, mwenyekiti wa wakulima sitini na watatu. Alikuja kuuliza malipo ya pili yatatoka lini. Sasa amejibiwa.

"Bwana Meneja," alisema Filemoni, "maji tungetoa wapi? Mke wangu anateka maji mtoni, anapanda nayo mlima. Hayo maji ndiyo nikamwagie tumbaku?"

"Hesabu imesema."

"Majani zetu ilikuwa kavu. Mzee Othmani mwenyewe ndiye alipokea. Mzee Othmani, si wewe ulitia mkono?"

Watu wote watatu wakamgeukia Othmani. Naye alikuwa anaitazama sakafu.

Saa ya mapumziko ikalia ikamwokoa.

Wenzake walikwenda kula. Othmani alitawadha bombani, akarudi ghalani kusali adhuhuri, maana nje upepo ulikuwa unakata masikio. Alitandika msala wake kwenye pembe iliyoachwa wazi kwa ajili ya ile mashine isiyofika. Pembe hiyo haijawahi kulaliwa na robota hata moja. Alikuwa hajamaliza hata kuomba dua wakati karani alipomwita: meneja anakutaka, upesi. Akaenda, msala akauacha palepale. Uzee na uchovu ndivyo vilivyo, mtu unasahau hata kitu ulichokikalia.

Ofisini, Bwana Kesho alikuwa ameweka karatasi mbili mezani.

"Hii ya kwanza," alisema, "inasema wewe, mtunza ghala, unathibitisha kwamba marobota ya Ifunda yalifika yakiwa yamelowa. Ukitia sahihi leo mbele ya mkaguzi, kiinua mgongo chako nakulipa leo. Shilingi elfu mbili na mia mbili. Hungoji miezi mitatu."

"Bwana Meneja, yalifika makavu."

"Yamelowaje basi?"

Othmani aliutazama mkono wake. Alijua yamelowaje. Alijua tangu alipotoa mkono ndani ya lile robota, na mimi sioni sababu ya kuwaficha ninyi kitu ambacho mzee mwenyewe anakijua.

Katika ghala la zamani, lile la udongo na nyasi, marobota hayakugusa chini. Yalilala juu ya magogo, miti mia tatu iliyotandikwa kama chaga za kitanda, hewa ikapita chini yake. Ghala jipya lilipokamilika, mwezi wa Ramadhani, Bwana Kesho akasema saruji haina haja ya magogo. Saruji ni kitu cha kisasa. Akamwambia Othmani ayaondoe.

Na Othmani akayaondoa. Ayapeleke wapi? Idi ilikuwa imekaribia. Akayatoa sadaka msikitini, yakawa kuni za pilau ya Idi ya Mlandege nzima. Mlioila mnakumbuka. Magogo yale yalikuwa yamelaliwa na tumbaku miaka ishirini, moshi wake ulikuwa moshi wa tumbaku, na watu walipiga chafya kuanzia wapishi mpaka imamu. Tulicheka sana siku ile. Nililamba sahani mimi.

Ikaja baridi. Saruji mbichi, chini ya mzigo, usiku na mchana, ikawa inatoka jasho, marobota ya chini yakalinywa. Na ya chini yalikuwa ya Ifunda kwa sababu Ifunda walikuwa wa kwanza kuleta. Ni hilo tu, hakuna uchawi wala wizi.

"Na hii karatasi ya pili," alisema Bwana Kesho, "inasema miti mia tatu ya kampuni ilitolewa ghalani mwezi wa nne. Sahihi ni yako. Ya kwangu haipo."

"Wewe ndiye uliyeniambia niitoe."

"Nilikuambia kwa mdomo." Bwana Kesho naye alionekana hakulala. Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. "Mzee, sitaki kukuumiza. Nimeomba kile kiwanda cha Mbeya miaka minne. Tia sahihi ya kwanza, ya pili naichana. Mkaguzi anaondoka kesho asubuhi."

"Na watu wa Ifunda?"

"Watalima tena."

Othmani aliomba aende nyumbani akale, atarudi saa kumi. Alitembea mpaka Mlandege na njiani alisimama mara mbili, magoti yanamuuma.

Mkewe, Mwantumu, alikuwa ameinjika maharage. Mama huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hizi alikuwa amepunguza hata yale machache. Alimpakulia, akakaa mbele yake, akamwangalia namna alivyokuwa anazungusha ugali kidoleni bila kuutia mdomoni.

"Sema, baba Siwema."

Akasema yote. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, Filemoni na kofia yake.

Wasomaji wangu, najua mnachongoja. Mnangoja mke mwema amwambie mumewe asimame kwenye haki. Mngojeeni kwenye hadithi ya mtu mwingine.

"Tia sahihi," alisema Mwantumu.

"Mama Siwema."

"Nimekaa nyumba hii miaka ishirini na miwili na si yangu. Nimezaa humu, nimezika humu. Mwenye nyumba wetu Mwanakhamisi anahamia Dodoma kwa mwanawe, nyumba anauza elfu mbili, na mwenye duka yule wa sokoni ameshakuja kuitazama mara mbili, jana kaja na kamba ya kupimia. Tukitolewa tunakwenda wapi na magoti haya? Kwa mkwe Mbeya, tukalale sebuleni?"

"Watu sitini na watatu watakosa mwaka mzima."

"Nawaonea huruma. Kweli nawaonea huruma. Mimi nani atanionea?"

Othmani aliusukuma ugali kando. Hakuwa na la kumjibu, na ndiyo shida ya kuoana na mtu anayesema kweli. Alinawa mikono, akavaa koti, akatoka. Wala hakusema ndiyo wala hakusema hapana.

Mwantumu alibaki amekaa, anausikiliza mlango. Miaka yote waliyoishi pamoja, Othmani alipokataa jambo alilikataa kwa mdomo. Aliponyamaza, alikuwa amekubali. Hivyo ndivyo alivyomjua. Mwantumu akainuka, akajitanda khanga, naye akatoka.

Saa kumi kasoro robo, ghalani. Meza imewekwa katikati, karatasi juu yake, kalamu juu ya karatasi. Bwana Crispin amekaa. Bwana Kesho amesimama. Filemoni yuko mlangoni palepale, hajala tangu asubuhi.

"Mzee, tumalize," alisema Bwana Kesho.

"Alasiri imeingia," alisema Othmani. "Nisali kwanza, nitakuja kutia sahihi."

Bwana Crispin akaitikia kwa kichwa. Filemoni aliposikia neno sahihi aligeuza uso akatazama nje, kwenye barabara ya Mbeya, malori yanapita.

Msala ulikuwa palepale penye pembe ya mashine, alipousahau mchana. Othmani akavua viatu, akasimama juu yake, akasali. Nisiseme uongo kwamba alikuwa na moyo uliotulia. Alikuwa anaiwaza nyumba ya Mwanakhamisi mpaka akakosea idadi ya rakaa, ikabidi asujudu kwa kusahau.

Alipomaliza akainuka, akashika ncha ya msala aukunje.

Msala ulikuwa mzito.

Akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa umelowa chapachapa, pembe kwa pembe, na kwenye saruji palibaki umbo la msala, jeusi, linameremeta. Akajigusa magoti. Suruali nayo ilikuwa na mabaka mawili ya maji. Ni muda wa saa tatu tu. Mahali ambapo haijawahi kuwekwa tumbaku wala ndoo.

Akatazama mezani. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Bwana Kesho alikuwa anatazama saa yake, Bwana Crispin anachonga penseli.

Angeweza kuukunja, auweke kwapani, aende akatie sahihi. Nani angejua? Sakafu ingekauka kwa upepo kabla mkaguzi hajamaliza chai yake. Nimelifikiria jambo hili wiki nzima, na ukweli ni kwamba mimi ningeukunja. Nina kodi ya nyumba pia.

Othmani akaenda mezani, pekupeku, msala umening'inia mikononi. Bwana Crispin akanyanyua penseli kuonyesha mahali pa sahihi. Othmani akauweka msala juu ya karatasi, upande wa maji chini.

"Mzee, unafanya nini?" alisema Bwana Kesho.

"Bwana Crispin," alisema Othmani, "weka mkono."

Mkaguzi akaweka mkono. Akauondoa, akautazama. Akasimama, akaenda mpaka kwenye pembe ya mashine, akainama, akapapasa sakafu pale penye lile umbo jeusi. Halafu akapapasa hatua moja kando, palipokuwa wazi. Pakavu.

"Umetandika lini?"

"Adhuhuri. Nilisahau kuukunja."

"Hapa pamewahi kukaa marobota?"

"Hapajawahi. Panangoja mashine."

"Kwa hiyo ni sakafu," alisema Bwana Crispin.

"Ni sakafu, bwana. Inatoka maji ikifunikwa. Ifunda wamelala chini kwa sababu walifika kwanza. Ukiwaweka wa Mbeya chini, utakuta wa Mbeya wamelowa."

Bwana Crispin alirudi kwenye kiti chake akakaa kwa uzito. Kwenye ile karatasi wino ulikuwa umeshasambaa, maneno yamekuwa moshi wa buluu. Aliikunja akaitia kikapuni. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa muda mrefu, anasoma kila sentensi kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kwenda kulala. Wakulima wa Ifunda walipwe malipo ya pili yote. Hasara ni ya jengo. Faida iliyotangazwa ipunguzwe. Fedha za Mbeya zisitolewe mpaka ghala la Iringa lichunguzwe.

Ndugu zangu wa Mbeya, najua mlikitaka kile kiwanda. Msinichukie mimi, chukieni saruji.

Filemoni hakushangilia. Aliuliza mara mbili kama ni yote, akaambiwa ni yote, akatafuta mahali pa kukaa akakuta mzani wa marobota, akaukalia. Mshale ukaonyesha ratili mia na kumi na tisa na hakuna aliyecheka.

"Jambo la mwisho," alisema Bwana Crispin. "Ghala la zamani lilikuwa na magogo. Yamo kwenye daftari la mali. Miti mia tatu. Nani aliyaondoa?"

Bwana Kesho alikuwa amegeukia dirisha. Karatasi ya pili ilikuwa mfukoni mwake, na Othmani aliiona ncha yake.

"Mimi," alisema Othmani.

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya Bwana Meneja. Kwa mdomo."

"Sikumbuki," alisema Bwana Kesho kule dirishani. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani, akarudi dirishani.

Bwana Crispin aliisoma. Alimtazama Othmani kwa muda, na nadhani angependa kutokuiona karatasi ile. Lakini ameshaiona, na mkaguzi ni mkaguzi.

"Mzee, umenionyesha kitu ambacho nisingekiona mwenyewe. Nakushukuru. Lakini hii sahihi ni yako, na mali ya kampuni imetoka. Nalazimika kuandika kwamba kiinua mgongo chako kizuiwe mpaka uchunguzi umalizike."

"Utachukua muda gani?"

"London wakiwa wepesi, mwaka."

"Mwaka," alisema Othmani. Akainama kutafuta viatu vyake.

Filemoni akainuka kwenye mzani, akaja akasimama karibu naye. Akaviokota viatu vya mzee akavishika, maana ndivyo vilivyokuwa karibu.

"Mzee Othmani. Sisi tutachanga."

"Kalipeni madeni yenu kwanza."

"Tutachanga tu."

"Haya. Nipe viatu."

Ndipo mlango mkubwa ukasukumwa, na Mwantumu akaingia. Katika miaka ishirini na miwili mama huyu hakuwahi kukanyaga ghalani. Alikuwa anahema kwa mwendo, khanga imemteleza begani, na alikuwa anacheka. Othmani hakukumbuka mara ya mwisho kumwona anacheka hivyo. Kisha akaiona mikono yake. Haikuwa na zile bangili mbili za dhahabu alizoolewa nazo.

"Yule wa duka alikuwa ameshafika, baba Siwema, amekaa kwenye mkeka na fedha zake," alisema Mwantumu. "Nimemwahi. Nimempa Mwanakhamisi bangili zangu ziwe rehani, nikaweka dole gumba mbele ya mashahidi wanne. Nyumba ni yetu. Elfu mbili yake anaitaka keshokutwa, Ijumaa, kabla hajapanda basi la Dodoma. Ikipita Ijumaa bangili zinakwenda na sisi tunatoka, lakini mimi nimewaambia mume wangu fedha yake inalipwa leo."

Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, akawasalimu kwa heshima, akamshika mumewe mkono uliokuwa bado una baridi ya maji.

"Umeshatia sahihi?"